Bahari, Upepo na Msitu: Somo Moja kwa Watoto wa Skuli

Ni desturi ya vitabu vya jiografia kuyagawa maarifa haya katika milango mbalimbali, mmoja wa mienendo ya bahari, wa pili wa aina za misitu, na wa tatu wa tabia ya nchi, hata mwanafunzi akayahifadhi yote kwa ajili ya mtihani asitambue kwamba kila jambo ni sababu ya mwenziwe. Mgawanyo huo wafaa katika kupanga kitabu. Ama katika kumsomesha mtoto, yafaa zaidi kuanza mahali ambapo yote matatu yaonekana kwa macho, na kwa mwalimu wa pwani ya Kenya mahali hapo ni hori ya Mida, karibu na Watamu, pamoja na msitu wa Arabuko-Sokoke ulio nyuma yake.

Na aanze na maji kujaa na kupwa, kwa kuwa huo ndio mwendo wa bahari ambao mtoto aweza kuupima mwenyewe. Akiandika saa ambayo maji yamejaa leo, kisha akarejea kesho, ataona yamechelewa kwa kadiri ya dakika 50. Sababu ni kwamba mwezi, ambao mvuto wake ndio hasa unaoyainua maji, huwa nao umesogea katika njia yake, ikailazimu dunia kuzunguka zaidi kidogo ili kuufikia. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja, likawa bamvua, na baina ya kujaa na kupwa pakawa na tofauti ya mita 3 na zaidi. Mwezi uwapo nusu, mvuto wa jua huupunguza wa mwezi, yakawa maji mafu. Hapo mwalimu awageuze wanafunzi waitazame mikoko, wapate kuona kwamba miti hiyo haikujiotea ovyo, bali kila jinsi imekaa kwa kadiri ifikiwavyo na maji ya chumvi: mlilana mbele baharini, nyuma yake mkoko wenye mizizi ishukayo kutoka shinani hadi topeni, kisha mkandaa, na juu kabisa mchu, katika mchanga ambao maji huufikia wakati wa bamvua tu.

Kutoka majini na wahamie kwenye upepo. Mtoto aliyekanyaga mchanga adhuhuri kisha akatumbukiza mguu baharini ajua tayari kwamba nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Ndivyo ilivyo kwa bara la Asia: lipatapo joto, hewa yake hupanda, na kusi ikavuma kutoka huku kwenda kuijaza nafasi; lipoapo, hewa nzito hurudi kwetu kwa kaskazi. Vasco da Gama aliondoka Malindi mwezi wa Aprili 1498, kusi ikianza, akafika Calicut kabla ya mwezi kutimia. Lakini katika kurejea hakuungoja msimu, akang'oa nanga kaskazi haijasimama, na safari ikamchukua takriban miezi mitatu, mabaharia wake wengi wakafa njiani. Mkondo wa bahari nao huutii upepo, kwani maji ya pwani yetu yaendayo kaskazini huenda kasi wakati wa kusi, na wakati wa kaskazi hupambana na mkondo ushukao kutoka Somalia.

Mvua ya masika huja katika maleleji, kaskazi ifapo na kusi ikiingia, wakati ukanda wa pepo zikutanazo upitapo juu yetu kulifuata jua kwenda kaskazini. Urudipo, huleta vuli. Lakini mvua hiyo haigawanyiki sawasawa. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita za mraba 420 hivi, upande wa mashariki hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na pembe ya kaskazini-magharibi hupata kama 600. Nao udongo hubadilika pia. Basi mashariki pana msitu wa miti mchanganyiko, katikati, penye mchanga mweupe usio na rutuba, pamesimama mirihi iliyoachana nafasi, na magharibi, penye udongo mwekundu, pana msitu mfupi uliosongamana. Mwalimu asiitaje sababu; awaache wanafunzi wachukue udongo wa kila upande, waulinganishe, wabishane.

Lililobaki ni subira, kwa maana tabia ya nchi haijulikani kwa masika moja, na wataalamu hukadiria wastani wake kwa miaka 30. Kopo lenye ubavu ulionyooka na rula vyatosha kuipima mvua kila asubuhi. Kilicho adimu ni daftari litakalorithiwa na kila darasa kutoka kwa lililotangulia, bila ya kukatika. Skuli itakayolitunza daftari hilo, wazee watakapolalamika kwamba mvua za siku hizi si kama za zamani, itakuwa na jawabu la hesabu, ama la kuwasadiki, ama la kuwasahihisha kwa adabu.