Sello Moja, Tungo Sita, Rekodi Zisizofanana

Wapenzi wa taarabu asilia ya Zanzibar wanaijua sello. Katika vikundi vikongwe kama Ikhwani Safaa na Culture Musical Club ala hiyo hukaa nyuma ya fidla na ganuni, ikishikilia sauti za chini ili mwimbaji apate pa kusimama. Kazi yake ni kuwabeba wenzake. Lakini miaka 300 hivi iliyopita, huko Ujerumani, Johann Sebastian Bach aliiandikia sello tungo sita za kupigwa peke yake, bila piano, bila fidla, bila mwimbaji. Kipande cha kwanza cha utungo wa kwanza, Preludi katika G, leo kinasikika kwenye filamu, matangazo ya biashara, harusi na mazishi. Wengi wasiolijua jina la Bach wanaweza kukivumisha.

Ninaulizwa sana kuhusu tungo hizi: katika rekodi zote zilizopo, ipi ndiyo sahihi? Hakuna, na sababu inaanzia kwenye karatasi.

Nakala aliyoiandika Bach kwa mkono wake haijapatikana mpaka leo. Inaaminika alizitunga alipokuwa mkuu wa wanamuziki katika jumba la mtawala wa Köthen, kati ya 1717 na 1723. Tulichonacho ni nakala zilizoandikwa na watu wengine, na inayotegemewa zaidi ni ya mkewe wa pili, Anna Magdalena. Noti ziko wazi. Ila karibu hakuna palipoandikwa kama zipigwe kwa nguvu au kwa upole, na kuhusu mwendo mpigaji anaachiwa karibu kila kitu. Kuna mistari midogo iliyopinda juu ya noti, inayomwonyesha mpigaji ni noti ngapi azipige kwa mvuto mmoja wa upinde. Katika nakala ya Anna Magdalena mistari hiyo imechorwa upesi. Mara inaanzia kwenye noti ya kwanza, mara kama vile ya pili, na kipande hicho hicho kikijirudia mstari umehama. Kila mpigaji analazimika kuamua mwenyewe, na kila uamuzi unabadilisha pumzi ya muziki mzima.

Tazama Preludi yenyewe. Ina baa 42, na karibu zote zimejaa noti fupi zinazofuatana bila kupumzika. Hakuna wimbo wa kuuimba kama tulivyozoea. Bach anazivunja akordi, anazipanga noti zake moja baada ya nyingine, na sikio la msikilizaji linaziunganisha lenyewe. Noti mbili za kwanza, G na D, hazihitaji kidole: zinatoka kwenye nyuzi tupu, na nyuzi tupu hulia kwa uhuru kuliko zilizobanwa. Ndiyo maana sello inaonekana kufunguka tangu mvuto wa kwanza. Katikati, kwenye baa ya 22, muziki unasimama ghafla juu ya noti moja, kisha unaanza upya kana kwamba mtu amebadilisha mawazo. Kuelekea mwisho noti ile ile inarudiwarudiwa huku nyingine ikipanda ngazi kwa hatua ndogondogo. Hapo kama mpigaji ana la kusema utalijua.

Kwa muda mrefu ni wachache waliodhani kuna la kusema. Tungo hizi zilichapishwa kwa mara ya kwanza mjini Paris mnamo 1824, zaidi ya miaka 70 baada ya Bach kufariki, na wengi walizichukua kama mazoezi ya vidole. Robert Schumann, mtunzi mkubwa, aliziandikia sehemu za piano mwaka 1853, akiamini sello peke yake haitoshi.

Aliyebadilisha mambo ni kijana wa Kikatalani, Pablo Casals. Mwaka 1890, akiwa na miaka 13, aliingia na baba yake katika duka la noti za mitumba karibu na bandari ya Barcelona, akakuta chapa ya tungo zote sita. Kwa maelezo yake mwenyewe, alizifanyia mazoezi miaka 12 kabla ya kuthubutu kupiga utungo mzima mbele ya watu. Wakati huo aliyezipiga hadharani alichagua kipande kimoja akaacha vingine. Casals alisisitiza kwamba utungo usikatwe, kuanzia preludi hadi dansi ya mwisho. Kila utungo una vipande sita: preludi, halafu dansi za kale kama alemandi, kuranti na sarabanda, kisha dansi mbili fupi za aina moja zinazokwenda pamoja kama kipande kimoja, na mwisho jigi. Jumla ni vipande 36.

Alizirekodi zote sita kati ya 1936 na 1939. Alianza katika studio za Abbey Road, London, kwa utungo wa pili na wa tatu, mnamo Novemba 1936, miezi michache baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuzuka Hispania. Nyingine alizirekodi Paris, na alipomaliza Juni 1939 majeshi ya Franco yalikuwa yameshinda, naye alikuwa mkimbizi.

Inafaa kujua kazi hiyo ilifanywaje. Sauti ilichongwa moja kwa moja kwenye sahani ya nta, na upande mmoja wa santuri ulibeba dakika nne na ushee tu. Kukata na kuunga hakukuwezekana. Ukikosea, unaanza upya au unaliacha kosa libaki. Muziki mrefu uliteswa na mpaka huo, kwa kuwa simfoni moja ilikatwakatwa kwenye santuri nne au tano. Tungo za Bach zilinusurika, maana vingi kati ya vipande vyake vinaenea upande mmoja. Nadhani hilo lilisaidia sana zisambae: mtu aliweza kununua santuri, akaweka sindano, akapata dansi nzima kabla ya kuinuka kugeuza upande.

Ukizisikiliza leo utakutana na mkwaruzo wa santuri, na noti chache zimeteleza. Hata hivyo anayeanza namshauri aanzie hapo. Casals hapambi. Sikiliza namna anavyosukuma mwendo mbele katika Preludi ya G, kisha anausitisha kidogo panapogeuka akordi, kama mtu anayesimulia jambo analolifahamu na anayejua msikilizaji wake yupo. Na dansi kwake ni dansi. Mguu unaweza kuzifuata.

Baada ya Vita Kuu ya Pili utepe wa sumaku ulienea studioni, na sauti ikaanza kukatwa na kuungwa. Tangu hapo rekodi nyingi ni mkusanyo wa majaribio bora zaidi. Sioni ubaya wake, ila msikilizaji akumbuke kwamba usafi anaousikia una mkono wa fundi pia. Pierre Fournier, Mfaransa, alirekodi tungo zote mwaka 1960, na uzuri wake ni upinde: sauti haikatiki, haipazwi bila sababu, na akordi ngumu zinapita kama hazina uzito.

Anner Bylsma wa Uholanzi alichukua njia nyingine mnamo 1979. Alitumia sello iliyoandaliwa kama za enzi za Bach, yenye nyuzi za utumbo wa mnyama, ambazo sauti yake ni kavu kidogo na ina chembechembe ambazo chuma hakina. Utungo wa sita uliandikiwa ala ya nyuzi tano, na wengi huulazimisha kwenye nyuzi nne wakipanda juu kabisa mpaka sauti inabana. Bylsma aliupiga kwa sello ndogo ya nyuzi tano, na ghafla ugumu ule ukageuka furaha. Yeye pia aliiamini ile mistari ya Anna Magdalena inayoonekana kuvurugika. Alishikilia kwamba huyo mama alijua alichokiandika, na kwamba kutofautiana kwake ndiko kunakoufanya muziki uwe kama mazungumzo. Ukimsikiliza baada ya Casals utashangaa jinsi noti zile zile zinavyoweza kugawanywa kwa sentensi tofauti.

Mrusi Mstislav Rostropovich, aliyepiga Bach kando ya Ukuta wa Berlin mnamo Novemba 1989, alikaribia miaka 64 ndipo akarekodi tungo zote sita, mwaka 1991, ndani ya kanisa la kale la Vézelay, Ufaransa. Kuta za mawe zinairudisha kila noti. Kwangu mimi ukubwa huo wakati mwingine unazifunika dansi nyepesi, lakini preludi zinapata kimo cha ajabu. Yo-Yo Ma yeye amerekodi seti nzima mara tatu, akiwa na miaka ishirini na kitu, kisha arubaini na kitu, kisha sitini na kitu. Ya tatu ilitoka mwaka 2018, na humo ana haraka ndogo zaidi ya kumpendeza mtu.

Anayetaka kuupima ukweli wa haya asibaki kwenye Preludi ya G tu. Achukue Sarabanda ya utungo wa tano. Katika utungo huu Bach anaagiza uzi wa juu kabisa ulegezwe kutoka A hadi G, na sauti ya ala nzima inatiwa kiza. Halafu kwenye sarabanda, dansi ambayo kwa kawaida aliijaza akordi, anaondoa akordi zote. Inabaki sauti moja inayotembea kwa noti chache zilizoachana sana, nyingine zikigongana na ile tunayodhani iko chini yake ingawa haipigwi. Yo-Yo Ma aliichagua hiyo aipige New York tarehe 11 Septemba 2002, wakati majina ya waliouawa mwaka mmoja kabla yalipokuwa yakisomwa.

Katika kipande hicho hakuna pa kujificha. Anayepunguza mwendo kupita kiasi anaivunja dansi iliyo ndani yake, na anayeharakisha anaacha noti zisikike kama ajali. Casals anaipiga kwa uzito lakini anaendelea kutembea. Bylsma anaacha nafasi kati ya noti. Fournier anaziunganisha mpaka zinakuwa mstari mmoja. Mwenye nafasi ya kutunza seti moja tu nyumbani ningempa ya Fournier, kwa kuwa inavumilia kusikilizwa kila siku, na ya Casals angeiazima kwa rafiki.