Goma: Kutupa na kudaka mpira ni somo, si mapumziko

Katika shule nyingi za msingi mjini Goma, saa ya mazoezi ya mwili ndiyo ya kwanza kuondolewa. Mtihani ukikaribia, inageuzwa kuwa ya hesabu. Siku nyingine watoto hupewa mifagio ili wasafishe uwanja. Na hata inapofanyika, mwalimu hutoa mpira mmoja, wavulana wachache wanaoujua wanaucheza, na darasa lote lingine linabaki ukutani likitazama.

Hao wa ukutani ndio wanaopata hasara. Mtaalamu wa Marekani David Gallahue aliandika kwamba miaka 2 hadi 7 ndiyo wakati mtoto anajenga mienendo ya msingi ya mwili: kukimbia na kuruka, kusimama imara bila kuanguka, kisha kutupa, kudaka na kupiga mpira kwa mguu. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa miaka 3 na 4 achangamshe mwili angalau dakika 180 kwa siku, na angalau 60 kati ya hizo ziwe za nguvu ya wastani au kubwa.

Wazazi wengi husema mtoto atajua kukimbia mwenyewe, hakuna haja ya mwalimu. Hiyo ni nusu ya ukweli. Kukua kunampa nguvu, lakini namna nzuri ya kutupa haiji yenyewe kwa kila mtoto. Mtoto mdogo hutupa kwa mkono peke yake, miguu imesimama, kifua kimeelekea mbele. Akifundishwa, anasimama kiubavu, anapiga hatua kwa mguu ulio kinyume na mkono unaotupa, kiuno kinageuka, ndipo mkono unafuata. Alama ya mguu iliyochorwa kwa chaki chini inasaidia kuliko maelezo marefu. Pia aambiwe atupe kwa nguvu zote. Akiwekewa shabaha karibu, anaurudisha mkono kwenye utoto wake.

Asiyefundishwa anaweza kufika miaka kumi akidaka mpira kwa kuukumbatia kifuani, uso umegeuka pembeni kwa woga. Wenzake wanamcheka, naye anaacha kucheza.

Goma ina ugumu wake. Lava ya Nyiragongo, iliyofunika sehemu ya mji mwaka 2002, imeacha mawe meusi yenye makali, na kukimbia juu yake na kambambili ni hatari. Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa bure mwaka 2019, madarasa yamejaa kupita kiasi. Vita navyo vimeleta wahamaji hadi ndani ya viwanja vya shule. Kuna pia watoto wanaobeba mabidoni ya maji kila siku. Kazi hiyo inachosha mwili kweli, ila haifundishi kudaka wala kurukaruka kwa mguu mmoja.

Hata hivyo, vifaa si kisingizio. Mpira wa masashe yaliyofungwa kwa kamba unamfaa mtoto wa miaka mitano kuliko mpira wa duka: ni mwepesi, haudundi mbali, na hauumizi uso. Darasa kubwa linaweza kugawanywa kwenye pembe nne za uwanja uliookotwa mawe. Pembe moja wanatupa ukutani, nyingine wanaruka kamba, ya tatu wanatembea juu ya mstari mikono imenyooshwa, ya nne wanadaka wawili wawili. Baada ya dakika chache wanabadilishana. Hapo hakuna anayesubiri zamu mpaka kengele ilie.

Na wasichana tayari wana nzango, mchezo wa miguu, makofi na nyimbo uliotoka viwanja vya shule hadi Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 2015. Ndani yake mna kuruka, kutua, usawa na kufuata mdundo. Mwalimu anayeuweka katika saa yake, na kuwaingiza wavulana pia, hana cha kununua.