Rehani na udhamini: somo la chuo kikuu linalowahusu wakopaji wa Kasongo na Kabambare

Katika kitivo cha sheria, mwanafunzi wa Kongo hufika siku moja kwenye somo linaloitwa kwa Kifaransa « droit des sûretés », yaani sheria ya dhamana. Ukilitazama juu juu, utadhani ni mambo ya mabenki ya Kinshasa tu. Lakini kijana aliyetoka Wamaza, kusini mwa Maniema, kwenda kusomea Kindu, Bukavu au Kisangani, atayatambua mara moja mambo anayofundishwa. Ameyaona nyumbani.

Mkulima anachukua pesa leo kwa mpunga ambao bado uko shambani. Mwenye pikipiki anaiacha kwa mkopeshaji mpaka atakapolipa. Mama anatoa karatasi ya parseli apate pesa za hospitali. Mjomba anaweka kidole kwenye karatasi ya deni la mpwa wake, bila kusomewa kilichoandikwa. Yote hayo ni dhamana. Na karibu yote hufanyika mbele ya wale tunaowaita « Banque Lambert », wanaokopesha haraka na kudai riba kubwa.

Desturi ya zamani

Kusini mwa Maniema, mkopo si jambo geni. Katika karne ya 19, Hamed bin Muhammed, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa ngome ya biashara yake. Misafara yake ilitoka pwani na bidhaa za mkopo, na mmoja wa waliomkopesha alikuwa Taria Topan, tajiri Mhindi wa Zanzibar. Deni lililipwa kwa pembe za ndovu, katika biashara iliyowafanya watu wengi watumwa. Kiswahili kilifika huku kwa njia hiyo hiyo, pamoja na neno « rehani », lenye asili ya Kiarabu.

Sheria inayofundishwa leo ni changa kuliko neno hilo. Kwa miaka mingi, wanafunzi wa Kongo walisoma dhamana katika dekreti ya mwaka 1888 juu ya mikataba na katika sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973. Tarehe 12 Septemba 2012, Kongo iliingia rasmi katika OHADA, umoja wa nchi za Kiafrika zinazotumia sheria moja ya biashara. Tangu hapo, kitabu kikuu cha somo hili ni Sheria ya Pamoja juu ya dhamana, iliyorekebishwa Lomé, Togo, tarehe 15 Desemba 2010.

Sheria inamlinda nani?

Tuanze na mjomba wetu. Kifungu cha 14 cha sheria hiyo kinasema udhamini haukisiwi: mtu hawi mdhamini kwa sababu alikuwepo au alinyamaza. Lazima akubali waziwazi, na aandike kwa mkono wake mwenyewe kiasi cha juu anachodhamini, kwa maneno na kwa tarakimu. Je, asiyejua kuandika? Anapaswa kusimamiwa na mashahidi 2. Hao wanathibitisha kwamba ni yeye, kwamba alikuwepo, na kwamba alielezwa maana ya karatasi hiyo na matokeo yake. Kidole peke yake hakitoshi.

Lakini mjomba ajue pia upande wa pili. Akishakuwa mdhamini halali, OHADA inamhesabu kuwa amefungwa pamoja na mdaiwa, isipokuwa mkataba au sheria ya nchi iseme vingine. Mdai akimtaka mpwa alipe naye asilipe, anaweza kumgeukia mjomba bila kumaliza kwanza mali za mpwa. Akilipa, mjomba ana haki ya kumdai mpwa wake.

Twende kwa pikipiki. Rehani ya kitu kinachohamishika lazima iandikwe: deni ni kiasi gani, kitu ni kipi. Bila maandishi, haina nguvu. Tangu marekebisho ya 2010, mwenye pikipiki anaweza hata kuendelea kuitumia, rehani ikiandikishwa katika rejista ya biashara, RCCM. Hata mpunga ambao haujavunwa, au magunia yaliyo depo, yanaweza kuwekwa rehani kwa njia ya sheria.

Na siku ya malipo ikipita? Mkopeshaji hawezi kujibebea tu pikipiki ya mkulima wa kawaida na kusema biashara imekwisha. Anapaswa kupitia tribunali, iuzwe au apewe kwa bei iliyokadiriwa. Tuseme deni ni dola 200 na pikipiki ina thamani ya dola 900. Ziada ni ya mwenye pikipiki. Hapo ndipo watu wetu wengi wanapopoteza: kitu chote kinakwenda kwa deni dogo, na hakuna anayeuliza juu ya kilichobaki.

Shamba la ukoo halikubaliki

Kuhusu ardhi, sheria ni kali zaidi. Ipoteki huwekwa juu ya ardhi au nyumba iliyoandikishwa, yenye cheti cha uandikishaji. Karatasi iliyoandikwa kwa chifu, au fishi ya parseli iliyoachwa kwa mkopeshaji, si ipoteki. Tena nyumba ya kuishi haichukuliwi kwa mapatano ya watu wawili tu. Lazima tribunali ihusike.

Ulinzi huo una bei yake. Sheria ya 1973 ilisema udongo ni mali ya Serikali, ikaahidi agizo la Rais juu ya haki za jamii za vijijini kwenye ardhi zao. Miongo ilipita bila agizo hilo. Kwa hiyo mkulima wa Wamaza mwenye shamba la ukoo hana cha kuipelekea benki. Anabaki na likelemba, na AVEC ya kijiji, au anarudi kwa Lambert.

Kuna pia umbali. Kutoka Kasongo hadi Kindu ni zaidi ya kilomita 200 za barabara mbaya. Nani atafunga safari hiyo kuandikisha rehani ya pikipiki? Na vitabu vyote viko kwa Kifaransa, wakati makubaliano ya deni yanafanywa kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayerudi likizo ndiye daraja la karibu zaidi.

Kabla ya kuweka kidole

Anayekopa au kudhamini anaweza kujikinga kwa mambo machache. Asomewe karatasi yote kwa lugha anayoielewa. Kiasi kiandikwe, kwa maneno na kwa tarakimu. Mashahidi wawepo. Abaki na nakala. Akilipa sehemu, adai risiti.

Na kama mkopeshaji anatishia kumfungisha, ajue hili: Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Kongo ilijiunga nao mwaka 1976, unakataza katika kifungu cha 11 kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Udanganyifu ni kosa jingine, na kuuza kwa siri kitu kilichowekwa rehani kunaweza kumpeleka mtu mbele ya mwendesha mashtaka. Lakini deni tupu mahali pake ni tribunali, si kashoo ya polisi.