Herufi za udongo: Mtoto asome kwa vidole

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba udongo uwahi ungali maji. Walikuwa wakizungumza juu ya malezi, lakini katika makala haya tutalichukua neno lao jinsi lilivyo. Tutauchukua udongo wenyewe, tuufinyange uwe alifu na ba, a na b, kisha tumpe mtoto aushike.

Huenda msomaji akauliza kwa nini mzazi wa Garissa, Wajir au Mandera ajichafue mikono kwa kazi ambayo ni ya mwalimu. Jibu ni kwamba katika kaunti hizi tatu mwalimu hapatikani kila mara. Mnamo Novemba 22, 2014 watu 28, walimu wakiwa miongoni mwao, waliuawa katika basi lililokuwa limetoka Mandera. Aprili 2, 2015 watu 148 wakauawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa. Kila baada ya msiba kama huo, walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi waliomba uhamisho au wakahamishwa, na madarasa yakabaki na watoto bila mtu wa kuwafunza. Mtoto wa miaka mitano hawezi kuahirisha umri wake mpaka mwalimu mwingine apatikane.

Mtoto mmoja, herufi za aina mbili

Isitoshe, mtoto wa huku ana mzigo mkubwa kuliko mwenzake wa Nyeri au Kisumu. Alfajiri yuko dugsi, anaandika herufi za Kiarabu juu ya ubao wa mti uitwao loox, kwa wino wa makaa yaliyosagwa. Herufi hizo huanzia kulia. Saa mbili yuko shuleni, mbele ya herufi za Kilatini zinazoanzia kushoto, kwa Kiswahili na Kiingereza.

Kisomali cha nyumbani nacho kimeandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini tangu 1972, serikali ya Somalia ilipoamua hivyo, lakini baadhi ya herufi hizo zina sauti zake zenyewe. C ya Kisomali ni ile ayn ya Kiarabu, na kwa hivyo jina la Ali huandikwa Cali. X nayo ni ile ha nzito ya kooni. Si ajabu basi mtoto akachanganyikiwa. Hana upungufu wa akili, ila amepewa funguo nyingi kwa mlango mmoja.

Hapa ndipo udongo unaposaidia. Herufi iliyo kitabuni huonekana tu. Ile ya udongo hushikwa, hugeuzwa, na kidole hupita juu yake kwa njia ile ile kalamu itakayopita kesho. Maria Montessori, daktari wa Kitaliano aliyefungua shule yake ya watoto wadogo mjini Roma mwaka 1907, aliwapa watoto herufi za karatasi ya msasa wazipapase kabla ya kushika kalamu. Karatasi hiyo hununuliwa dukani. Udongo hauna bei.

Udongo gani?

Walio Garissa mjini wana mto Tana, ambao kila unapofurika huacha matope laini kingoni. Walio Mandera wana mto Daua. Kwingineko tafuta kandokando ya laga au penye dimbwi lililokauka. Lakini kazi ya kuchota ni ya mtu mzima. Mto Tana una mamba, na maji yake huweza kupanda ghafla hata kama Garissa haikunyesha tone, kwa sababu hutoka nyanda za juu.

Ili kuujaribu udongo, ulowanishe, uviringishe uwe kamba nene kama kidole, kisha uizungushe kidoleni. Ikipinda bila kupasuka, udongo unafaa. Ikikatika, una mchanga mwingi. Udongo mweusi ule unaopasuka mashambani wakati wa kiangazi usiupende, kwani hunywea sana ukikauka na kazi yako itapasuka.

Uanike, uponde, uuchekeche, kisha uuloweke usiku mmoja. Wa Wajir, mji wa mawe ya chokaa, wachekeche kwa makini zaidi, maana punje ya chokaa ikibaki ndani ya udongo uliochomwa hufura baadaye na kuibandua herufi. Ukande kama unga wa chapati mpaka mapovu ya hewa yaishe. Kama unapasuka unapokauka, changanya mchanga laini kidogo au vigae vilivyosagwa.

Kufinyanga

Viringisha kamba ya udongo yenye unene wa kidole gumba. Unene uwe sawa kote, kwa sababu pembamba hukauka mbele ya panene, na hapo ndipo ufa huanzia. Kata, pinda, unda herufi yenye urefu wa kiganja. Panapokutana vipande viwili, chanjachanja kila upande kwa mwiba, paka uji wa udongo, ubane na ulainishe kwa kidole kilicholowa. Ukibandika tu bila kuchanja, mkia wa q utadondoka kabla ya jua kutua.

Herufi b, d, p na q ni kamba moja na duara moja. Ukizigeuza, moja huwa nyingine, na ndizo zinazowasumbua watoto kila mahali. Kwa hivyo zibandike juu ya kibao cha udongo, na chini ya kila moja chora mstari ili mtoto ajue upande wa kusimamia.

Kwa Kiarabu udongo ni mwalimu hodari zaidi. Finyanga umbo moja kama mashua, halafu vidonge vitatu kama mbegu za kunde. Kidonge kimoja chini, hiyo ni ba. Viwili juu, ta. Vitatu juu, tha. Mwachie mtoto avihamishe mwenyewe huku akitamka. Fanya hivyo pia kwa jim, ha na kha. Somo ambalo ubaoni huchosha huwa mchezo. Ushauri mmoja tu: finyanga herufi moja moja, usiandike aya wala majina matukufu, kwa kuwa vitu vya watoto huvunjika na vipande hukanyagwa.

Kukausha na kuchoma

Jua la Garissa ni adui wa kazi hii. Anika kivulini, funika kwa gunia, geuza kila siku, kwa muda wa wiki moja. Usiwe na haraka ya kuchoma, kwani unyevu ukibaki ndani hugeuka mvuke na herufi hupasuka motoni kwa kishindo.

Zikikauka kabisa, zipashe joto pembeni mwa moto, kisha zipange katika shimo la kina kifupi, uzifunike kwa kuni na samadi kavu ya ng'ombe au ngamia. Washa, acha mpaka asubuhi, na watoto wakae mbali. Udongo uliokolea moto hauyeyuki tena majini. Familia inayohamahama na mifugo haina haja ya kuchoma. Herufi zikivunjika, ziloweke, zifinyange upya mahali pa malisho mapya.

Si jambo geni

Asiwepo wa kukuambia kwamba huu ni mchezo wa matope. Zaidi ya miaka 5,000 iliyopita watu wa nchi ambayo leo ni Iraki waliandika juu ya vibao vya udongo. Katika miaka ya 1040 Mchina aitwaye Bi Sheng alitengeneza herufi moja moja za udongo uliochomwa, akazipanga na kupiga chapa, karne nne kabla ya Ulaya kujua kuchapa kwa herufi za chuma. Hapa kwetu pwani, msikiti wa Kizimkazi kule Unguja una maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe tangu mwaka 1107.

Nyumba nyingi za Garissa zina dabqaad, chetezo cha kufukizia ubani. Aliyefinyanga kile cha udongo hakushindwa na alifu. Basi leo jioni, kazi za nyumbani zikiisha, kaa na mwanao mkekani na bonge la udongo. Msianze na herufi zote. Anzeni na ile inayoanza jina lake. Mtoto akishaishika herufi yake mkononi, zilizosalia ataziomba mwenyewe.