Dishi Jipya, Waya wa Zamani

Katika miji yetu leo ni nadra kuuona mtaa ambao mapaa yake hayajaota madishi. Dishi limekuwa chombo cha nyumba ya mfanyakazi kama ilivyokuwa redio hapo zamani: jioni jamaa huketi pamoja wakasikiliza taarifa ya habari, wakatazama mpira, na watoto nao wakapata vipindi vyao. Lakini gharama za chombo hiki haziishii dukani. Mara nyingi familia hununua dishi na king'amuzi kwa fedha iliyodunduizwa kwa miezi kadhaa; kisha fundi afikapo, hutangaza kwamba nyumba nzima yahitaji waya mpya, kuta zitobolewe na dari ifunguliwe. Hapo furaha hugeuka deni.

Ndugu msomaji, si lazima iwe hivyo daima. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973 na Tanzania Bara mwaka 1994, na tangu wakati huo wenye nyumba wengi wamepitisha waya kutoka kwenye antena ya paani hadi sebuleni. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na baadaye katika miji mingine, baadhi ya nyaya hizo ziliachwa ukutani bila kazi. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Hata hivyo mbacha nao hukaguliwa kwanza, maana uliooza haukaliwi.

KAZI YA WAYA

Ili kujua kama waya wa zamani utafaa, hapana budi kufahamu kazi utakayopewa. Setelaiti za televisheni hukaa juu ya mstari wa ikweta, umbali wa karibu kilometa 36,000 kutoka ardhini, zikizunguka sambamba na dunia. Ndiyo sababu kwetu huonekana kama zimesimama mahali pamoja. Mawimbi yake yakifika hapa huwa yamekwisha dhoofika sana. Dishi huyakusanya na kuyaelekeza kwenye kichwa kidogo kilicho mbele yake, ambacho mafundi hukiita LNB. Kichwa hicho huyakuza mawimbi, kisha huyashusha kutoka masafa ya juu mno hadi kati ya megahezi 950 na 2150, ili yaweze kusafiri ndani ya waya.

Antena ya kawaida ilikuwa ikiutumia waya huohuo kwa masafa yasiyozidi megahezi 860 hivi. Kadiri masafa yanavyopanda ndivyo mawimbi yanavyopotea zaidi njiani. Basi waya uliotosha kwa antena waweza kushindwa kwa dishi, hasa ukiwa mrefu au umechakaa.

Aidha, waya wa dishi hufanya kazi pande zote mbili. Picha hushuka, umeme hupanda. King'amuzi hupeleka umeme mdogo kwenye kichwa cha dishi: volti 13 kinapotaka mawimbi ya wima, na volti 18 kinapotaka mawimbi ya ulalo. Kwa hiyo chochote kilichomo njiani kinachozuia umeme huo, hata kama hakizuii picha, huliacha dishi likiwa kipofu.

UKAGUZI WA HATUA NNE

Kwanza, tazama aina ya waya. Unaofaa ni ule wa mviringo wenye uzi mmoja wa shaba katikati, plastiki nyeupe kuuzunguka, kisha wavu wa nyaya nyembamba pamoja na karatasi ya alumini, na ganda la nje. Mara nyingi gandani huandikwa namba 75, yaani omu 75, na jina la RG6 au RG59. RG6 ndio bora. RG59 ni mwembamba zaidi. Hufaa kwa safari fupi, kama kutoka ukingo wa paa hadi sebuleni. Ule utepe bapa wenye nyaya mbili uliotumika kwa antena za zamani haufai kabisa, wala waya wa taa haufai hata ukiwa mpya.

Pili, ufuate waya kutoka mwanzo hadi mwisho. Penye kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe, kikate ukiunge upya kwa koneka za kufungia kwa hesi. Ondoa kikuza mawimbi cha antena na kila kigawanyi, yaani spilita. Usisahau pia soketi ya antena ya ukutani. Nyingi ziliundwa zipitishe picha na kuzuia umeme. Na fundi asipoikumbuka, atalilaumu dishi siku nzima.

Tatu, upime. Ncha zote mbili zikiwa hazikuunganishwa na kitu, mita isionyeshe mawasiliano yoyote kati ya uzi wa katikati na wavu wa nje. Kisha gusanisha uzi na wavu kwenye ncha moja na upime ncha ya pili: sasa mawasiliano yaonekane. Jaribio la kwanza likishindwa, waya umegusana ndani. La pili likishindwa, umekatika.

Nne, kata kila ncha kiasi cha shubiri moja. Shaba ikiwa imegeuka kijani au nyeusi, endelea kukata mpaka uione inang'aa. Katika miji ya pwani hewa ya chumvi hula ncha upesi, na maji yakiisha kuingia kwenye wavu hutambaa ndani ya ganda kama mafuta katika utambi. Waya uliolowa hivyo haukauki ukapona, huo uache.

JARIBIO LA KUKATA SHAURI

Hata baada ya ukaguzi huo, usikubali ukuta utobolewe kabla ya jaribio moja ambalo karibu halina gharama. Mpe fundi kipande kifupi cha waya mpya, akipeleke king'amuzi na televisheni karibu na dishi, aliweke dishi sawa, kisha aandike nguvu na ubora wa mawimbi kama vinavyosomeka kwenye kioo. Baada ya hapo avirudishe vyombo sebuleni, aunganishe waya wa zamani na asome tena. Asitazame stesheni moja tu. Achague kadhaa, kwa kuwa zinatofautiana kwa masafa na kwa volti. Ubora ukishuka kidogo tu na picha zote zikasimama imara, waya wako wa zamani umefaulu. Zikipotea baadhi na kubaki nyingine, waya au kiungo kina kasoro. Hapo fundi akidai waya mpya, anadai haki yake.

Yafaa pia uache akiba. Mvua kubwa ya masika hupunguza mawimbi yenyewe angani, na waya unaopitisha kwa shida siku ya jua utanyamaza siku ya mawingu mazito.

DISHI LIKAE WAPI

Mwenye kutumia waya wa zamani hutamani dishi likae pale waya ulipoishia. Hilo lawezekana endapo anga la upande unaotakiwa li wazi. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, setelaiti iliyo longitudo ya digrii 36 Mashariki iko karibu utosini, hivyo ghorofa la jirani ni nadra kuizuia, na dishi lake huonekana limelala chali. Ile ya digrii 7 Mashariki iko magharibi, karibu katikati ya upeo wa macho na utosi. Mwembe au jengo refu upande huo laweza kuifunika. Ndiyo maana madishi ya mtaa mmoja hutazama kwingi. Usiige la jirani kabla ya kujua analipia huduma gani.

VYUMBA VINGI, WAYA MMOJA

Katika nyumba za kupanga ugomvi huanzia hapa. Wapangaji wawili huchangia dishi, wakaweka spilita ya bei nafuu, kisha kila mmoja akaunganisha king'amuzi chake. Jioni mmoja ataka stesheni ya volti 13, mwenzake ya volti 18, na kichwa cha dishi hakiwezi kuwatumikia mabwana wawili kwa wakati mmoja. Picha ya mmoja hukatika, naye humshuku mwenziwe kuwa anamchezea. Kumbe hakuna mwovu. Kosa ni la spilita.

Dawa ni kununua kichwa chenye matundu mawili au manne, na kila king'amuzi kikapata waya wake peke yake. Vipo pia vichwa vya namna ya pekee vinavyogawa waya mmoja kwa ving'amuzi kadhaa kwa kukipa kila kimoja masafa yake, lakini king'amuzi chenyewe sharti kiwe kimeundwa kwa utaratibu huo. Uliza kabla ya kulipa. Ikiwa mnakubali kutazama stesheni moja nyumba nzima, na king'amuzi kina tundu la kutolea mawimbi ya antena, waya wa zamani utokao sebuleni hadi chumbani waweza kuipeleka picha hiyo kwenye televisheni ya pili bila gharama nyingine.

Mwenye antena ya kidijitali na dishi pamoja hahitaji nyaya mbili za kushuka. Kiko kifaa kidogo cha kuunganisha mawimbi ya antena na ya dishi huko juu, na mwenziwe wa kuyatenga huku chini, kwa kuwa masafa yao hayagongani. Hakikisha upande wa dishi wa vifaa vyote viwili unapitisha umeme. Mpangaji naye akumbuke kwamba waya ulio ukutani ni mali ya mwenye nyumba. Aombe ruhusa kabla ya kuukata.

USALAMA HAUKOPESHWI

Fedha inayookolewa kwenye waya isitafutwe kwenye usalama. Waya wa dishi usipitishwe bomba moja na nyaya za umeme wa nyumba. Ganda likichubuka, umeme wa volti 230 utaingia kwenye televisheni na kwenye mkono wa mtoto. Chomoa king'amuzi kabla ya kufunga au kufungua koneka, maana uzi ukigusa wavu king'amuzi kikiwa kimewaka chaweza kuungua. Mlingoti wa dishi uunganishwe na ardhi kwa waya mnene wa shaba, na fundi wa umeme aushikamanishe na waya wa ardhi wa nyumba. Mawingu ya radi yakijikusanya, chomoa waya wa umeme na wa dishi mapema. Radi ikiisha kuanza, kaa mbali nazo. Paani asipande mtu peke yake, wala baada ya mvua.

Mwisho, acha kitanzi kidogo cha waya kinachoning'inia chini kabla haujaingia ukutani, ili maji yadondoke nje, na koneka ya juu uifunge kwa utepe wa mpira.

Basi fundi akija, mpokee kwa heshima, umpe kiti na maji, kisha umwombe apime kabla hajataja bei. Fundi hodari hataudhika, kwa kuwa naye huishi kwa vipimo. Mama na baba wa nyumba wakiwepo wote wawili wakayaona matokeo kwa macho yao, watalipa kinachostahili kulipwa. Kitakachosalia kina kazi yake, kwani ada ya shule na unga wa mwezi havingoji.