Imre Makovecz: Msee wa Hungary Aliyejenga Nyumba Zenye Mbavu

Kuna ukumbi wa mazishi pale makaburi ya Farkasrét, Budapest, ambao ukiingia unahisi ni kama umemezwa. Mbao zimepinda juu yako, ubavu baada ya ubavu, mpaka unashtuka, kumbe uko ndani ya kifua! Na jeneza? Linawekwa pale moyo ungekaa.

Aliyechora hiyo kitu miaka ya 1970 ni Imre Makovecz, mtoto wa seremala, aliyezaliwa 1935.

Wakati huo Hungary ilikuwa chini ya Wakomunisti, na serikali ilikuwa inainua gorofa za vipande vya simiti vilivyotoka kiwandani, zote zinafanana. Tusidanganyane, zilipea watu wengi mahali pa kulala. Lakini Makovecz alikuwa mfuasi wa mwanafalsafa Rudolf Steiner, na kwake jengo lilifaa kuwa kama kiumbe hai kinachounganisha ardhi na mbingu. Boksi haliwezi hiyo kazi. Alisema wazi, na wakubwa hawakufurahia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 akajipata nje ya mijengo mikubwa ya serikali, akifanyia kazi idara ya misitu ya Pilis, kule Visegrád.

Sasa manze, unaadhibu aje mtoto wa seremala kwa kumpeleka msituni? Huko mbao ziko tele. Alijenga vibanda na kumbi za miti, na baadaye akaanza kuita wanafunzi waje wajenge kwa mikono yao.

Ukomunisti ulipoanguka, mambo yakageuka. Kwa maonyesho ya dunia ya Expo 1992, Seville, Uhispania, ni yeye alichora jumba la Hungary: paa limekaa kama mashua iliyopinduliwa, minara saba imesimama kwa laini. Ndani akaweka mti mzima, na sakafu ya kioo ili uone mizizi chini ya miguu yako. Kwangu hiyo ndiyo kali kuliko zote, kwa sababu mizizi ndio kitu mti huwa unaficha.

Si kila mtu humpenda. Kanisa lake la Paks lina minara mitatu yenye jua, msalaba na mwezi, na kuna wale huona hapo alizidisha.

Makovecz alifariki 2011. Expo yenyewe ilifungwa Oktoba 1992 na majumba mengi yakabomolewa, lakini lile la mbao bado liko Seville.