Sumaku Hukanusha, Haithibitishi: Tuijue Fedha ya Mapambo

Msimu wa korosho ukiwadia, mkulima wa Nambambo, wilayani Nachingwea, huweza kununua bangili za fedha, ambayo wengi huiita silva, ziwe mahari ya mchumba wake. Hapo ametoa jasho la mwaka mzima. Akiuziwa shaba iliyopakwa fedha juu juu, hakudhulumiwa yeye peke yake. Bibi harusi naye amepokea pungufu ya haki yake. Ndiyo maana yafaa kila familia ijue kuipima fedha.

Kipimo kilicho karibu na kila mtu ni sumaku. Hata ile ya spika ya redio mbovu yatosha. Chuma, nikeli na kobalti huvutwa na sumaku, fedha haivutwi. Bangili nzima ikinasa, ndani yake mna chuma au mfano wake, na muuzaji ana swali la kujibu. Lakini isiponasa, bado hatujathibitisha kitu, kwa kuwa shaba, zinki, risasi na alumini nazo hazinasi. Hata ile iitwayo "fedha ya Kijerumani" kwa kawaida hainasi, ilhali ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, usio na fedha hata chembe. Aidha, mkufu wa fedha ya kweli huweza kunasa kwenye kifungio tu, kwa sababu ya springi ya chuma iliyomo.

Fedha tupu ni laini mno, hivyo sonara huichanganya na metali nyingine, aghalabu shaba. Alama ya 925 maana yake ni kwamba katika kila gramu 1,000 za mchanganyiko, 925 ni fedha. Hata hivyo, mdanganyifu naye aweza kuigonga alama hiyo. Kinyume chake, pambo la kurithi laweza kukosa alama na likawa fedha. Masonara wa Oman waliyeyusha riale za Maria Theresa zenye tarehe ya 1780, zilizotumika pia Zanzibar. Fedha yake ni sehemu 833 katika 1,000.

Kipimo bora zaidi ni maji. Pima bangili isiyo na uwazi wala kito. Tuseme ni gramu 52. Weka glasi ya maji juu ya mizani ndogo ya sonara, kisha izamishe bangili kwa uzi bila kugusa chini. Mizani ikiongezeka gramu 5, gawanya 52 kwa 5 upate 10.4, ambao ni uzani wa fedha ya 925. Ikiongezeka gramu 6, jibu ni kama 8.7, karibu na shaba.

Elimu hii yahusu zaka pia. Nisabu ya fedha hukadiriwa kuwa gramu 595. Katika madhehebu ya Shafi huhesabiwa fedha halisi iliyomo; hivyo akiba ya fedha ya 925 huifikia ikiwa na takriban gramu 644. Kuhusu mapambo yanayovaliwa, wanavyuoni wana kauli mbalimbali, basi aulizwe shekhe.

Ndugu msomaji, kabla ya kulipa, mtake muuzaji aandike kwenye risiti uzito na kiwango cha fedha. Mwaminifu hatasita kuandika.